Karatasi ya Koo la Naisiae

Sambasha,
9 Machi 2024

Mwanangu Esupat,

Kabla hujaniuliza: nakula, nalala, goti la kulia bado linanibishia nikipanda kwenda kanisani, na ng'ombe amezaa. Dume tena. Mvua imeanza kunyesha kidogo na kahawa imetoa maua. Kaka yako Ebenezer alikuja Jumapili kutoka Lemara na mkewe, wakala loshoro yote wakaniachia kibuyu cha kuosha. Wanakusalimu. Masikio yangu hayajafunguka na sidhani kama yatafunguka. Mchungaji namfuata kwa kutazama midomo, na sasa nimegundua kwamba mahubiri yake ni matano tu, anayazungusha. Ile simu uliyoninunulia naitumia kama tochi, maana herufi zake ni ndogo kama mayai ya chawa. Nimefundisha watoto kuandika kwa miaka thelathini na minne, siwezi kupokea habari za mjukuu wangu kwa vidole gumba. Wewe endelea kuniandikia barua.

Sasa la mtoto. Jumatatu Naisiae aliamka hataki chai. Alisema koo linauma, hata mate hayamezeki, na mwili ulikuwa wa moto. Nikamwambia afungue mdomo, nikamulika. Tonsesi zimevimba, nyekundu, zina madoa meupe. Jirani akaja mbio kusema mtoto ana kimeo, apelekwe kwa mzee wa huku juu akakatwe. Nilimwambia kimeo akakate chake.

Nikakumbuka vile vijiti vya pamba ulivyoniachia Desemba, na amri yako: "Yeyo, usimpe dawa yoyote kabla sijapima." Uliisema mara tatu, na ya tatu ukapiga meza. Alhamisi, kabla ya chai, nimesugua tonsesi zote mbili kama ulivyonionyesha, nikarudisha kijiti kwenye kichupa chake, nikafunga. Mtoto alinitapikia mkononi lakini kazi ilikwisha. Leo homa imeshuka na anacheza na ndama.

Ebenezer atakipakia kichupa kwenye basi pamoja na kilo mbili za kahawa. Pima, uniambie. Wewe ndiye macho yetu.

Mama yako,
Mwalimu

*

Sumbawanga,
20 Machi 2024

Yeyo wangu, shikamoo.

Huku sijambo, baridi tu ya asubuhi. Nyumba ya watumishi wametupakia rangi nje, ndani panya ni wale wale. Maombi yangu ya uhamisho kurudi Arusha yamejibiwa: niendelee kusubiri. Huu ni mwaka wa tatu nasubiri, Yeyo, na nikipita pale shuleni nikawaona watoto wa umri wa Naisiae wakitoka, najifanya nina haraka. Hongera ya dume. Mwite Ustahimilivu.

Mzigo umefika. Kahawa tumeinywa maabara nzima. Kijiti nimekifanyia kazi mwenyewe. Nimekipaka kwenye sahani ya kuoteshea bakteria, nikakiacha siku mbili kwenye joto lake. Hakikuotesha chochote cha kudhuru. Maana yake koo lile lilikuwa la virusi, mafua ya kawaida, yanayokuja na kuondoka yenyewe. Asingehitaji dawa. Umeona sasa kwa nini nilipiga meza? Watu wanawamwagia watoto dawa bure.

Nakuwekea karatasi ya majibu. Nimeipiga na muhuri, maana nakujua, Mwalimu, karatasi isiyo na muhuri kwako ni ya kufungia maandazi. Akilalamika tena mpe maji ya vuguvugu yenye chumvi asukutue, na asali. Kimeo asiguswe.

Mbusu kwenye paji la uso. Mwambie mama anakuja Juni.

Esupat

*

Sambasha,
13 Aprili 2024

Mwanangu Esupat,

Marahaba. Pasaka ilikuwa nzuri ingawa mvua imetunyima barabara. Huku juu kumekuwa utelezi mtupu, na gari la maziwa linaishia chini kwenye daraja. Ndama nimemwita jina ulilotaka na anapiga mateke. Naisiae amekuwa wa nne darasani. Hesabu ni nzuri, mwandiko bado, anaandika kama wewe.

Jumatatu ya Pasaka koo lilimrudia, mara hii kwa nguvu. Mitoki ikamvimba chini ya taya pande zote, akawa anaongea kama ana kiazi kinywani. Nikamsukutulisha chumvi, nikampa asali. Siku ya tatu nikaona si vibaya daktari wa zahanati amwone. Unamfahamu, yule kijana mrefu aliyekuja mwaka jana. Akammulika kooni, akamshika shingo, akamuuliza kama anakohoa, kama ana mafua. Hapana, hapana. Akaniandikia kwenye daftari kwa sababu ya masikio yangu: "Bibi, hili koo nalitilia shaka. Nitamchoma penisilini." Sindano akaitoa kabisa, akaanza kuichanganya dawa.

Hapo nikafungua pochi. Nikamtolea karatasi yako. Aliisoma mara mbili, akatazama muhuri, akaniandikia: "Kama maabara imeotesha na kusema ni virusi, siwezi kubishana nayo." Akarudisha sindano kwenye trei. Nilijisikia vizuri, nakuambia kweli. Watu wote kwenye benchi waliona kwamba Mwalimu ana binti maabara. Naisiae alifurahi kuliko mimi, akaniomba tuondoke upesi kabla daktari hajabadili mawazo.

Alipewa panadol. Siku tano akawa mzima. Karatasi yako nimeirudisha kwenye kitabu cha nyimbo, isikunjike.

Mama yako

*

Sumbawanga,
27 Aprili 2024

Yeyo, shikamoo.

Barua yako imefika juzi, basi lilikwama njiani kwa mvua. Mimi ni mzima. Rangi ya nyumba imeanza kubanduka.

Nisikilize, tafadhali. Karatasi ile ilikuwa ya koo la Machi. Haikuwa ya koo la Aprili. Kila koo hupimwa upya. Mtoto asiye na mafua, asiyekohoa, mwenye mitoki na madoa meupe, yule daktari alikuwa na haki ya kumtilia shaka. Usimwonyeshe mtu karatasi ile tena. Iondoe kwenye kitabu cha nyimbo.

Nilimpigia simu Ebenezer nilipoisoma. Akasema alimwona Naisiae Jumapili anaruka kamba. Nikashusha pumzi. Akiruka kamba ni mzima.

Nina swali moja, na sikuulizi ili nigombe. Ile Machi, kabla ya kumsugua kijiti, ulimpa kitu chochote? Niambie tu.

Esupat

*

Sambasha,
19 Mei 2024

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imekaa Lemara siku kumi, kaka yako alikuwa na gari la watu gereji akasahau kuipandisha. Ng'ombe anatoa lita sita. Migomba miwili imeanguka kwa upepo.

Naisiae haruki kamba. Mwanzoni mwa mwezi goti la kushoto lilivimba likawa la moto. Nikasema ameanguka kwenye utelezi akaogopa kunieleza, nikamkaripia. Akalia kwamba hakuanguka. Nikamkanda kwa maji ya chumvi. Baada ya siku tatu goti likapona lenyewe, nikafurahi, na kesho yake kifundo cha mguu wa kulia kikavimba. Nacho kikapona, likaja goti la pili, kisha kiwiko. Sijawahi kuona ugonjwa unaohamahama namna hii. Shuleni wamemwambia ana uvivu wa mvua, na Mungu anisamehe, nami nilikaribia kuamini.

Wiki hii viungo vimetulia lakini ni kitu kingine. Kutoka kwenye bomba la maji hadi mlangoni anapumzika mara mbili. Anasema, "Kokoo, moyo unakimbia peke yake." Anaomba nimwekee mito miwili. Yule daktari wa zahanati yuko masomoni hadi mwisho wa mwezi, na nesi anasema tusubiri.

Swali lako nimelisoma.

Mama yako

*

Sumbawanga,
24 Mei 2024

Yeyo,

Hii itakukuta mko hospitali mjini. Ebenezer nimempigia, anapanda leo hii hii kuwachukua. Mtoto asitembee hata hatua moja, abebwe. Waambie neno kwa neno: koo Machi, koo Aprili, viungo vilivyohama, sasa anapumua kwa shida. Andika kwenye karatasi uwape, wasikufanye mzee asiyesikia.

Likizo wameninyima mpaka apatikane wa kushika nafasi yangu. Nitakuja hata kwa kutoroka.

Esupat

*

Sambasha,
6 Julai 2024

Mwanangu Esupat,

Natumaini ulifika salama na hawakukukata mshahara. Huku baridi ya Julai imeshika, Mlima Meru hatuuoni siku nne sasa. Kahawa inaiva. Ustahimilivu ameuzwa.

Tulikaa siku tisa kwenye benchi moja nje ya wodi, mimi na wewe. Uliniandikia kwenye daftari: "Umekula?" Nikajibu: "Nimekula." Ulinifunika kanga yako. Siku ile daktari wa moyo alipotuita akatuchorea moyo nyuma ya fomu, akaonyesha mlango mmoja mdogo ndani yake, akasema umeharibika, haufungi vizuri, damu inarudi ilikotoka, na kwamba ugonjwa ulianzia kooni, kwa bakteria ambao hawakutibiwa, wewe ulikuwa unanitazama. Nami nikatazama mchoro. Nilikuwa na jambo la kusema na nikalimeza kwa siku tisa. Sasa naliandika kwa sababu kalamu hainitazami.

Machi nilimpa dawa. Jumatatu ile ile jioni nilishuka dukani kwa Derick nikanunua rangi mbili, zile kapsuli za kuua bakteria, vidonge nane. Nikawa namfungulia nusu ya unga kwenye kijiko cha asali. Nilimpa hadi Jumatano usiku. Homa ikashuka, nikaacha, na vilivyobaki nikavihifadhi kwenye kopo la vifungo kwa ajili ya siku nyingine. Alhamisi nikamsugua kijiti chako.

Nilitaka kukuandikia. Nikaona ile meza ulivyoipiga. Nimekulea, nimekufundisha kusoma, halafu wewe ukawa unanionya mbele ya wageni kama mtoto wa darasa la kwanza, nami nikaona bora nifaulu mtihani wako. Hilo ndilo lililokuwa moyoni, sina lingine zuri zaidi. Nilidhani mashine zako zingeuona ugonjwa hata hivyo. Sikujua kwamba siku mbili za unga zinaweza kuuficha ugonjwa usionekane, bila kuutoa.

Kisha nikaenda na karatasi hiyo, mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nikamzuia mtu aliyekuwa ameshachanganya dawa. Naiona sindano ile ikirudi kwenye trei kila ninapofumba macho.

Niandikie lolote. Hata kama ni la kunitukana, liandike.

Mama yako

*

Sumbawanga,
18 Julai 2024

Yeyo wangu,

Shikamoo. Sikujua niandike nini juu, kwa hiyo nimeandika shikamoo, na ninamaanisha.

Ulipokuwa unatazama mchoro nilidhani umeshajua langu. Ndiyo sababu nilikuwa nakutazama.

Basi lilifikisha kijiti chako tarehe kumi na moja. Mimi nilikuwa semina Mbeya. Kikakaa ofisi ya basi siku nne, kwenye dirisha, chini ya bati, karibu na mzigo wa dagaa. Nilipokichukua pamba ilikuwa imekauka kabisa. Ingekuwa ya mtoto wa mtu mwingine ningeitupa na kuandika: sampuli haifai, rudia. Mwenzangu wa maabara aliniambia nitupe. Nikamwambia ngoja nijaribu. Haikuota kitu, Yeyo, na isingeota kitu hata kama usingempa Naisiae hata chembe ya unga. Bakteria yule hakai hai muda wote huo kwenye pamba kavu.

Nilijua hivyo nilipoandika majibu. Sikuwa na namba ya mgonjwa, sikuwa na fomu, muhuri niliuchukua mezani kwa mkuu wangu alipokwenda kunywa chai. Nilikuwa mbali na mwanangu miaka mitatu, na hiyo ilikuwa kazi pekee niliyoweza kumfanyia kama mama. Nikataka jibu liwe zuri. Nikaandika jibu zuri.

Na bado kuna jingine. Ulipoandika kuhusu sindano iliyorudishwa, siku ile ile ningeweza kumwambia Ebenezer ampeleke mtoto mjini akapimwe upya. Ningelazimika kumweleza kwa nini karatasi yangu isiaminiwe. Nikamuuliza kama anaruka kamba.

Kwa hiyo usiseme ni rangi mbili. Mimi ndiye niliyesomea. Nimemweleza mkuu wangu habari za muhuri. Amesema ataandika kwa wakubwa wake. Sijui wataniacha kazini au la, na uhamisho sitauulizia tena kwa sasa. Nalia maabara, wanadhani ni dawa za kuoshea vyombo.

Naomba unirudishie ile karatasi.

Mwanao,
Esupat

*

Sambasha,
10 Agosti 2024

Mwanangu Esupat,

Marahaba, na marahaba tena kwa kuwa barua yako sikuijibu haraka. Niliisoma, nikaikunja, nikaenda kuchuma kahawa siku tatu. Nilikasirika. Ningekudanganya nikisema sikukasirika. Kisha hasira ikaisha kwa sababu haikupata mahali pa kukaa, kila ilipokwenda ilinikuta mimi.

Karatasi sina. Nilimpelekea daktari wa zahanati, amerudi kutoka masomoni. Yeye ndiye anayemchoma Naisiae kila baada ya wiki nne, na wamesema itakuwa hivyo mpaka awe msichana mkubwa, pengine na baada ya hapo, na kuhusu upasuaji tumepewa tarehe ya kwenda Dar es Salaam kuangaliwa, mwakani. Juzi ilikuwa sindano ya tatu. Dawa ni ile ile aliyoichanganya Aprili, nimekitambua kichupa. Mtoto halii tena. Alipomaliza, daktari akaniandikia kwenye daftari: "Bibi, nisamehe. Siku ile ningechoma tu." Tangu arudi kijana wa watu anadhani kosa ni lake. Nikampa karatasi yako, nikamwandikia chini yake yote, la kwako na la kwangu, kwa mwandiko wangu wa ubaoni ili asikosee kusoma. Alisoma akiwa amesimama. Akaniuliza kama anaweza kuiweka. Nikamwambia aiweke.

Vile vidonge vilivyobaki kwenye kopo la vifungo nimevitupa chooni. Vilikuwa vitano.

Umeniuliza kwenye ule ukurasa wa nyuma ulioukata kwa wino, lakini nimesoma, kama anaongezeka au anapungua. Sijui, mwanangu. Anakula. Shuleni Ebenezer amemtafutia pikipiki ya kumshusha na kumpandisha. Wenzake wakiruka kamba yeye anashika ncha, anawazungushia, na anahesabu kwa sauti. Ameniuliza kama mama alikosa mtihani wa maabara. Nikamwambia tulikosa wote wawili. Akasema, "Basi mrudie."

Lile la mwisho sikutaka kukuandikia, lakini tumeshaona kunyamaza kumetufikisha wapi. Madaktari wanaweka mpira wao masikioni wanausikiliza moyo wake, wanakunja uso, wanaandika. Mimi masikio sina. Jana mchana alikuja kunikalia mapajani kwenye jua, nikamwekea kiganja kifuani kwa mazoea tu. Nikausikia. Chini ya mkono kuna kitu kinatetemeka kila moyo unapopiga, kama paka anapokoroma ukimshika mgongo. Niliondoa mkono nikaurudisha, kikawa bado kipo. Naisiae alinitazama midomo yangu, maana naye amejifunza, akasema taratibu ili niione kila herufi: "Kokoo, unasikia nini?"

Nikamwambia nasikia mama yako anarudi. Kwa hiyo njoo, Esupat, wakikufukuza au wasipokufukuza. Njoo uweke mkono wako hapa, maana mimi peke yangu siwezi kuendelea kuushikilia moyo huu.

Mama yako